Nguo za Mtoto Hazikamuliwi

Nilipokuwa mtoto, pale Mwakingali mjini Voi, nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama alisema siku nitakayoamka bila swali atanipeleka hospitali. Nyanya, mamake baba, alikuwa na dawa yake mwenyewe: ukimuuliza jambo asilotaka kulijibu, anakupa kazi. Ndiyo maana nilijua kufua, kupiga deki na kuchambua mchele kabla ya wenzangu wengi.

Lakini kuna swali moja ambalo hata kazi haikulizima. Lilikuja mwaka aliozaliwa mdogo wetu Mwakio, na lilihusu nepi.

Mama alijifungua kwa kupasuliwa. Baba wakati huo alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya mkonge, anarudi nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, kwa hivyo akamwomba nyanya ateremke kutoka Wusi aje amtunze mama. Nyanya akateremka na ndizi, maharagwe, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na masharti. Kuku tulimla wiki hiyo hiyo. Masharti yalibaki.

Sharti kubwa lilikuwa hili: nguo za mtoto mchanga hazikamuliwi. Unafua, unasuuza, kisha unainua nepi kutoka kwenye beseni ikiwa imejaa maji na kuianika hivyo hivyo, ikichuruzika. Ukiikamua, tumbo la mtoto nalo linakamuka. Atalia akikunja miguu, na hakuna dawa ya duka itakayomtuliza.

Huko Wusi milimani, penye baridi na vijito, labda hilo ni jambo jepesi. Voi ni habari nyingine. Maji yetu yalikuja kwa mkokoteni, ndani ya mitungi, na vumbi letu jekundu halingoji kualikwa. Nepi mbichi ikikaa kwenye kamba na upepo ukapita, unaianua ikiwa na rangi ya tofali. Nyanya hakutikisika. Alikusanya beseni, karai, sufuria, hata bakuli la uji la kaka yangu Mwadime, akavipanga chini ya kamba vikinge matone, na maji yale tukapigia deki. Uwanja mzima ulikuwa ukilia ti, ti, ti, kila chombo na sauti yake, na kuku wa jirani wakija kunywa bila aibu.

Mama yangu ni Mkamba wa Maungu, kule kando ya barabara ya Mombasa. Kwao maji huheshimiwa kuliko wageni, na nguo inayoanikwa ikichuruzika ni dalili ya mvivu.

"Mama, hizi zitakauka lini?" alimuuliza nyanya siku ya kwanza.

"Zitakauka zikitaka. Wewe rudi ulale."

Mimi sikuwa upande wa yeyote. Nilitaka tu kujua. Nepi iko nje kwenye kamba, mtoto yuko ndani kitandani, sasa tumbo linapata habari kupitia wapi? Nilimfuata nyanya jikoni.

"Nyanya, tumbo linajuaje kama nepi imekamuliwa?"

"Chukua ufagio," akasema.

Nilifagia, lakini swali likabaki palepale. Basi nikaamua kujijibu. Nilichukua kaptura ya shule ya Mwadime, nikaifua, nikaizungusha kwenye nguzo ya kamba na kuikamua kwa nguvu zangu zote mpaka haikubaki na tone. Jioni nikakaa mkabala naye mezani, macho kwenye tumbo lake.

"Unaniangalia nini?" akauliza.

"Tumbo haliumi?"

"Linauma njaa."

Alikula ugali wake, kisha akamaliza na wangu nikiwa bado namwangalia. Nilikata shauri kwamba ama sharti la nyanya linafanya kazi kwa watoto wachanga peke yao, ama Mwadime hakuzaliwa na tumbo la kawaida. Mpaka leo sijaliondoa hilo la pili.

Mwakio naye alikuwa akilia karibu kila jioni, jua likizama tu. Kila akianza, nyanya anambeba begani, anampigapiga mgongoni na kuuliza chumba kizima, "Nani amekamua?" Mimi nilianza kuwa na mashaka, maana nilijua siku nyingine hakuna aliyekamua chochote na bado mtoto analia vilevile. Nilikuwa nimeuliza kila mtu.

Kisha nikagundua mikunjo. Kazi ya kukunja nepi ilikuwa yangu, na nepi isiyokamuliwa hukauka ikiwa imenyooka. Ijumaa moja nikakuta kadhaa zenye mikunjo ya kuzunguka, zile alama za mikono miwili inayosokota kila mmoja upande wake. Moyo ulinidunda kwa furaha, sitaki kudanganya. Kulikuwa na mtu nyumbani mwetu anayekamua! Nyanya hawezi. Mwadime akiona nepi hukimbia. Nilijua nitakayemkuta hata kabla sijamtafuta.

Kesho yake, Jumamosi, nyanya alikwenda sokoni kununua mboga. Alikuwa hata hajafika mbali. Mama akatoka amejifunga leso, akaketi kwenye kigoda mbele ya beseni, akaanza. Alikuwa na mikono ya ajabu mama yangu. Nepi inaingia ikiwa nzito, inapinda mara mbili, inatoka nyepesi. Nikajitokeza.

"Mama, nyanya alisema hazikamuliwi."

"Nyanya yako amesema mengi. Nepi zenyewe ni chache na huyu bwana anachafua kama anayelipwa. Zisipokauka atavaa nini?"

"Na tumbo lake?"

"Amelala. Sikiliza, analia?"

Tulisikiliza wote wawili. Ndani kulikuwa kimya. Nilifurahi sana, maana hatimaye nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limelala fofofo chini ya neti.

Mama akachukua blanketi dogo la mtoto. Blanketi likiloa huwa zito, hata likiwa dogo. Akalipinda, akavuta, akapinda tena, halafu akasita katikati. Hakupiga kelele. Alilirudisha lile blanketi kwenye beseni polepole kana kwamba litavunjika, akashika tumbo lake chini kwa mikono miwili.

"Wakesho, kimbia umwite nyanya."

Kwenye leso yake niliona rangi ambayo si ya maji wala ya vumbi letu.

Nilikimbia nikilia. Niliamini mama anakufa, na mpaka leo sijui niliwezaje kuona njia. Nilimkuta nyanya akichagua sukuma wiki. Aliacha mboga, akaacha na chenji mkononi mwa muuzaji, akatembea kwa kasi ambayo sikujua anayo. Tulipofika, jirani alikuwa ameshaita tuktuk. Wakaondoka watatu, mama ameegemea bega la nyanya, na Mwakio mikononi mwa nyanya akiwa bado amelala.

Nikabaki na Mwadime, naye kwa mara ya kwanza hakunitania. Lile blanketi lilikuwa kwenye beseni, nusu limekamuliwa, nusu bado. Nilisimama hapo muda mrefu bila kujua nilifanyeje. Mwishowe nililisuuza upya, nikaliinua likiwa na maji yake yote, likanilowesha hadi miguuni, nikalianika na kuweka sufuria chini. Kisha nikakaa kulitazama likidondoka. Sikuwa na swali hata moja.

Nyanya alirudi jioni peke yake. Mshono ulikuwa umeachia sehemu, akasema, umeshonwa tena, na mama angelala huko siku kadhaa na mtoto wake. Angepona. Baba alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kwenye mkonge, begi bado begani. Akaketi kwenye kile kigoda cha mama.

"Kesho utaenda kumwona," nyanya akamwambia. "Utamchukulia nguo za mtoto chafu uzilete. Nguo za mtoto huyu utazifua wewe ukiwa hapa, na usipokuwepo watafua hawa wawili. Na hazikamuliwi."

"Mimi, mama? Hapo nje, watu wakiniona?"

"Unataka mwanao asokotwe na tumbo?"

Baba akashusha begi.

Basi Jumapili, baada ya kutoka hospitali kumwona mama, msimamizi wa mashamba ya mkonge alikuwa uwanjani mwetu amekunja suruali hadi magotini, ameinamia beseni la nepi. Sijawahi kuona mtu akisugua nepi kwa hasira namna ile. Mwenye duka la jirani akapita na kusimama.

"Baba Mwadime! Kumbe umeolewa na hukutualika?"

Mikono ya baba ikasimama ndani ya beseni. Nikajua ataacha, ataingia ndani na kufunga mlango. Lakini hakuinua kichwa.

"Ni tumbo la mtoto, bwana. Mama yangu amekataza nguo zake zikamuliwe."

Yule jirani akaacha kucheka palepale, kama redio iliyoishiwa betri. Akauliza mtoto anaendeleaje. Akasema hata wao kwao wana mambo hayo, si ya kuchezea. Kabla hajaondoka alisogeza karai kwa mguu likae sawasawa chini ya nepi inayodondoka.

Nyanya alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nikamsogelea.

"Nyanya, lakini tumbo lililoumia ni la mama."

"Ndiyo."

"Na mtoto jana hakulia hata kidogo."

"Ndiyo."

"Sasa mbona baba anasema ni tumbo la mtoto?"

Nikangoja kazi yangu. Badala yake aliinama hadi karibu na sikio langu.

"Kwa sababu angesema ni la mkewe, yule angekuwa bado anacheka." Kisha akanyooka. "Chukua ufagio."

Mama alirudi, akapona, na nyanya hakuwahi kumwambia "nilikuonya." Aliendelea tu kuuliza nani amekamua, kila jioni Mwakio alipolia, na Mwakio aliendelea kulia mpaka alipochoka mwenyewe miezi iliyofuata. Mama hakuuliza tena nepi zitakauka lini.

Nimelifikiria jambo hili zaidi ya nilivyofikiria mengi niliyofundishwa shuleni. Sijui ni nani huko milimani aliyeanzisha sharti lile, wala kama alijua alichokuwa akifanya. Pengine aliamini kabisa kwamba tumbo la mtoto lina uzi unaofika hadi kwenye kamba ya nguo. Pengine alikuwa mwanamke aliyechoka, aliyeshajaribu kusema "naumwa" na hakuna aliyegeuka. Namheshimu. Lakini nikiwa peke yangu sharti hilo hunisikitisha pia, kwamba mwanamke alilazimika kujificha nyuma ya mtoto mchanga ndipo aachiwe kupumzika.

Mwaka jana nilijifungua, nami pia kwa kupasuliwa. Mama akaja kutoka Mwakingali hadi kwangu Mwatate. Yule Mkamba wa Maungu, kabla hata hajamwona mjukuu vizuri, alisimama mbele ya kapu la nguo na kumwambia mume wangu, "Nguo za mtoto hazikamuliwi."

Mume wangu ni mwalimu wa sayansi, na ni mtu wa heshima. Alitabasamu. "Mama, hiyo si imani tu ya zamani?" Kisha akanigeukia, akitaka tucheke pamoja. "Wakesho, wewe unaamini kweli? Tumbo la mtoto lijue nguo zimekamuliwa?"

Mshono ulikuwa ukinivuta hata nikipumua. Jibu rahisi lilikuwepo, lile la baba, na mama alikuwa akinitazama akilingoja. Lakini nilikuwa na ule ugonjwa wangu. Nilitaka kujua itakuwaje.

"Si tumbo la mtoto," nikamwambia. "Hilo halina shida. Ni tumbo langu. Linaniuma, na sitaki kufua wala kukamua chochote mpaka lipone."

Tabasamu likamwishia. Akatazama kapu, akanitazama mimi, akamtazama mama. Mama naye alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, amekaza macho, na nilijua kwamba hata yeye hajawahi kuona jaribio hili likifanywa.

"Beseni kubwa liko wapi?" mume wangu akauliza.

Mama akageuza uso, akajifuta macho kwa kile kitambaa, kisha akaenda kumwonyesha. Mimi nikajilaza. Baada ya muda nikasikia huko nje, kwenye sufuria yangu nzuri ya wageni, ti, ti, ti.