Mgongo wa Kuazima

Wanafunzi wake walimpachika jina la Mama Pumzi, maana kila akifungua kinywa ni "vuta pumzi, toa pumzi." Alifundisha yoga kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vioo, na kwa miaka mingi alijiona hana la kujifunza. Halafu siku moja akamkandamiza mgongo karani mmoja aliyekuwa ameinama, eti amsaidie kufika chini. Karani alifika chini kweli. Kuinuka ndiko kulikokuwa kazi. Mwenye ukumbi akamwambia achague moja: alete cheti cha elimu ya mwili au arudishe funguo.

Basi akaanza kusoma ukubwani, miwani puani. Asikudanganye mtu, kukariri mifupa si lelemama. Alijipapasa mtulinga huku chai ikichemka, akazitafuta kano za goti akiwa anafua. Tangu mumewe afariki hakukuwa na mtu wa kumshangaa mle ndani. Mwili wake wote aliujua, isipokuwa mgongo. Huko mkono wa mtu haufiki. Alijisugua kwenye fremu ya mlango ili ahisi mabapa ya mabega yanavyotembea, kisha akaacha, akajionea huruma.

Mtihani ulitaka kila mmoja aje na mtu wake wa kupapaswa. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Wanafunzi anao tele, lakini wakishakunja mikeka kila mtu hushika njia yake, na hata nyumbani kwao hapajui. Akampigia simu mdogo wake.

"Dada, nilale chini nibonyezwebonyezwe mbele za watu? Kwani mimi unga?"

"Ni muda mfupi tu."

"Siku hiyo nina shughuli." Mdogo wake akacheka, akakata simu. Hata hakuuliza mtihani wenyewe ni wa nini.

Akaenda peke yake. Mtahini alipouliza mtu wake yuko wapi, akajibu, "Yuko njiani," akawa anatazama mlango kana kwamba kweli kuna anayekuja. Wenzake walifanya mtihani mmoja mmoja, huyu na mumewe, yule na shemeji yake. Wa mwisho alikuwa kinyozi, aliyekuja na mkewe. Alipomaliza, mtahini akafunika kalamu.

"Mama, asiye na mtu siwezi kumpima. Utajaribu mwakani."

Mke wa kinyozi alikuwa bado kalala kifudifudi kwenye mkeka. "Mimi si niko chini tayari?" akasema. "Njoo, shoga yangu, umalize. Nyumbani vinanisubiri vyombo tu, navyo havina miguu."

Mama Pumzi akapiga magoti, akaweka viganja. Mgongo ulikuwa na joto. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mgongo wa mtu una joto. Picha za kitabuni hazisemi hilo. Vidole vikaenda vyenyewe: pingili iliyochomoza chini ya shingo, ukingo wa bapa la bega, misuli mirefu kandokando ya uti. Akaitaja, akaonyesha pa kukandamiza na pasipoguswa, mtahini akiitikia kwa kichwa.

"Inatosha. Umefaulu."

Hakuondoa mikono.

"Mama, umefaulu. Tumemaliza."

"Nimesikia," alisema. Akamwinamia mke wa kinyozi. "Samahani, dada. Unaweza kukaa hivyo hivyo kidogo tu?"