Miti ya Faustin

Musiniulize kama kaka yangu Faustin alikuwa muntu mubaya. Alikuwa muntu wa masomo, basi.

Tulikuwaka tunalima Kasungami. Tata yetu, Mwape, alikuwa anapanda juu ya muti na shoka, anakata matawi tu, shina anaiacha ipone. Mama anakusanya matawi, tunachoma, tunapanda ulezi mu majivu. Kisha tunahama, pori inaota tena. Lakini bazungu ba muji wa Elisabethville balitaka kuni na makala kila siku. Bantu babo balikata shina na yote. Balimaliza pori kama nzige! Bila matawi hakuna majivu, bila majivu hakuna ulezi. Tukalala na njaa.

Padri alisema kuko masomo ya kufundisha vijana kupanda miti. Tata alifurahi sana.

"Enda, mwana wangu," alimwambia Faustin. "Jifunze, urudishe pori yetu."

Faustin alirudi na diplome, kofia na viatu. Alipanda mikalitusi, mistari-mistari, pale pale pa mashamba yetu. Ile miti iliota mbio. Tata alikuwa anapita asubuhi, anaishika na mukono, anacheka peke yake.

Ilipokuwa mikubwa, tata alifanya kile kila mwanaume wa kwetu anafanya. Alipanda juu na shoka, akakata matawi, mashina akayaacha. Mama alikuwa angali anakusanya, polisi bakafika, bakamupeleka tata kwa muzungu mukubwa wa miti.

"Iko miti ya mutoto wangu," tata alisema. "Mumuulize yeye."

Balimwita Faustin. Aka! Nilikuwa pale, niliona na macho yangu. Angesema tu: tata hakujua. Neno moja! Aliangalia viatu yake, akasema: "Miti iko ya bazungu. Alijua."

Balimulaza tata chini, bakamupiga fimbo mbele ya mama.

Faustin alipewa cheo. Tata hakupanda juu ya muti tena. Bantu bakimupa pole, alikuwa anajibu: "Nilimutuma ajifunze kurudisha pori. Balimufundisha kuichunga, miye nisiiguse."

Kikulacho kiko mu nguo, balisema bazee.

Tata alipokufa, Faustin alileta sanduku ya mukalitusi, imepigwa randa muzuri kabisa. Alilia sana, siwezi kukataa. Nikamwambia airudishe kwa benyewe. Tata tulimuzika na mukeka.