Tuta la Giakanja na Wauza Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa barabara, na viatu ambavyo mama yangu alikuwa amevipiga brashi mpaka ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Mhandisi wa Mkoa, mzee mnene mwenye sauti ya mhubiri, alinikagua kuanzia tai hadi viatu.

"Kijana, unajua kuendesha gari?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi hutaendesha. Tembea mpaka Giakanja, urudi jioni uniambie barabara ikoje."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikatoka Nyeri mjini kwa miguu, na tai yangu.

Barabara ile haikuwa na bega, yaani ule ukingo wa nje ya lami ambao ni nafasi ya mtu wa miguu. Kwa hiyo tuligawana lami sote: lori la majani chai, baiskeli yenye magunia ya kabeji, punda na mkokoteni wa mitungi ya maziwa, ng'ombe wawili waliotembea kama wenye hatimiliki, na mimi. Lori liliponipigia honi mgongoni niliruka mtaroni hadi magotini. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama kunitazama.

"Pole, mwalimu," akasema. "Ati hamkufundishwa kuruka mapema?"

Jioni nilimwambia Mhandisi wa Mkoa kwamba barabara ni nyembamba, lakini lami yake ni nzuri.

"Hiyo ni ripoti ya mwenye gari," akasema akitazama suruali yangu. "Wewe ulikuwa mtaroni. Ukiwa mtaroni, barabara ikoje?"

"Inatisha, mheshimiwa."

"Sasa umeajiriwa."

Kutoka hapo nilipelekwa Sagana, ambako barabara kuu hukutana na za pembeni na kila mtu ana haraka ya kwenda kwingine. Mkubwa wangu huko, Mhandisi Msimamizi, alikuwa mwembamba kama fito, na mapenzi yake makubwa yalikuwa mstari wa kuona. Huo ni umbali ambao jicho linaweza kufika bila kuzuiwa na ukuta, kibanda au gari lililoegeshwa. Kwake, jicho lililohesabika lilikuwa la mtoto. Tukifika kwenye makutano yoyote alipaza sauti: "Chuchumaeni!" Nasi, watu wazima wenye makoti ya kung'aa, tulichuchumaa kando ya lami tukichungulia. Wapita njia waliuliza tumepoteza nini. Wengine walichuchumaa nasi kusaidia kutafuta.

Othaya nilijifunza mteremko. Lori lililojaa chai likishuka kilima huhitaji umbali mrefu wa kusimama, yaani mwendo linaoendelea kula baada ya dereva kukanyaga breki, na mvua ikinyesha linakula mara dufu. Huko ndiko nduthi, hizi pikipiki za abiria, zilikonikuta. Michoro yetu ilijua lori, basi na gari dogo. Haikujua pikipiki iliyobeba mama, mtoto, jogoo na godoro. Niliacha kuamini mchoro wowote ambao hauna jogoo.

Basi, miaka ilipokwisha kunipa kitambi na cheo, nilirudishwa Giakanja. Nduthi zilikuwa zimeongezeka, magari pia, na watoto bado walivuka barabara mbele ya malori yaleyale, kutoka upande wa soko kwenda shuleni. Mvulana mmoja aligongwa akavunjika mguu. Baada ya hapo sikuwa na usingizi mzuri mpaka nilipopata idhini ya kujenga kivuko kilichoinuliwa. Hilo ni tuta pana, bapa juu, lenye mistari myeupe. Dereva lazima apunguze mwendo, apende asipende. Nililichora mwenyewe. Lilipokauka nilisimama kando nikitazama malori yakipanda na kushuka polepole kama mabibi arusi, nikajiona mtu mkubwa sana.

Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtu yeyote wa huku kwetu mlimani angeniambia: gari likipunguza mwendo, mtu atakuja kuliuzia kitu.

Kwanza alikuja kijana wa mayai ya kuchemsha. Kisha parachichi. Kisha Mama Nyokabi, kiongozi wa wanawake wa sokoni, akaja na jiko lake la mahindi na mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa, na nyuma yake soko lote. Walijipanga kwenye kingo zote mbili za kivuko changu, miavuli imepangana. Nilichuchumaa kama nilivyofundishwa Sagana. Sikuona gari. Nikiwa mtoto, nisingeona lori mpaka linifikie. Tuta la kuwalinda watoto lilikuwa limejengewa ukuta wa mahindi.

"Mama Nyokabi, tafadhali, hapa ni pa watoto."

"Injinia, si ni wewe umetuletea kastoma? Sasa unatufukuza tena?"

"Rudini sokoni."

"Sokoni gari haisimami. Ama unataka tuuzie ng'ombe?"

Tuliwaondoa asubuhi, wakarudi adhuhuri. Mhandisi wa Kaunti, mwanamke mdogo kwangu kwa umri na mkali kuliko mimi kwa kila kitu kingine, aliposikia alitoa amri: ikifika Jumatatu tuta liwe limebomolewa, kwa sababu sasa lilikuwa hatari kuliko kutokuwa na tuta. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini likibomolewa, malori yangerudia mbio zake na watoto wangerudia kukimbia mbele yake.

Alikuja mwenyewe kulitazama kwa mara ya mwisho. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kama mfiwa. Gari letu lilipanda tuta polepole, na harufu ya mahindi ikaingia dirishani.

"Wote waondoke," akasema Mhandisi wa Kaunti. "Hakuna mjadala. Dereva, simama kidogo. Mama, hilo la pembeni, lililoiva sana. Tia pilipili."

Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha.

"Kuna nini?"

"Mheshimiwa, hata wewe umesimama."

Alitazama hindi mkononi mwake. Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga honi. Akatafuna kwanza, kisha akaniambia, "Endelea kusema."

"Tuta ndilo linaloita soko. Basi tujenge lingine mbele kidogo, pale penye uwanja mpana wa zamani wa kuegesha magari, ili liite huko. Hapa kwenye kivuko tuweke nguzo fupi ukingoni, gari lisipate pa kusimama."

"Na wakikataa kuhama?"

"Jumatatu nitabomoa mwenyewe."

Alikubali, nasi tukajenga tuta la pili na kuweka nguzo kabla ya Jumamosi, siku ya soko. Asubuhi hiyo nilisimama kati ya matuta mawili nikiomba Mungu. Magari yalipunguza mwendo uwanjani, hayakumkuta mtu, yakaja kwenye kivuko, yakakosa pa kusimama kwa sababu ya nguzo, yakapita. Mama Nyokabi aliyatazama yakipita. Mimi nilimtazama yeye. Kijana wa mayai ndiye aliyevunjika moyo kwanza. Alibeba ndoo yake akaenda uwanjani. Gari la kwanza likaegeshwa kando, abiria wakashuka wote.

Mama Nyokabi alifunga mwavuli.

"Injinia, usifikirie umenisukuma," akasema, akiinua jiko kwa vitambaa viwili. "Lakini siwezi kuachwa na mtu wa mayai."

Kufikia adhuhuri kivuko kilikuwa kitupu. Nilichuchumaa. Niliona barabara yote mpaka kona. Jumatatu Mhandisi wa Kaunti alikuja, naye akachuchumaa kwa sketi yake nzuri, akakaa hapo muda, akainuka akasema tu, "Twende tukale mahindi."

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza usalama barabarani ni nini, nami ningependa kuwajibu kwa maneno ya kisomi, maana niliyalipia karo. Najikuta nawaambia watembee kwanza, kisha wachuchumae, na wakijenga chochote wajiulize nani atakuja kuuza nini juu yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Giakanja kununua parachichi. Pale uwanjani panaitwa Kwa Injinia, ingawa hakuna anayekumbuka injinia yupi. Nilipofika kwenye kivuko nilisimama ukingoni nikilistaajabia tuta langu, kama mzazi kwenye mahafali. Mwenye nduthi alisimama, akainua mkono kulizuia lori lililokuwa nyuma yake, akaningoja. Sikutembea. Nilikuwa natazama watoto wakipita, wakicheka, bila kukimbia.

"Guka!" akaniita, yaani babu kwa Kikuyu. "Vuka basi! Unafikiria hii kitu ilijengwa ya nini?"

Nikavuka.