Mama wa Foni na Boti Iliyosimama Zongwe

Mama wa foni amefariki, na mimi nina hasira. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua, huwa nangoja matanga yaishe ndipo niandike, lakini safari hii kaburi bado bichi na sioni sababu ya kungoja. Kwa asiyeishi Kalemie niseme alikuwa nani. Ndiye aliyekaa kwenye redio ya kuitana, ile tunayoiita foni, katika nyumba moja ya biashara hapa bandarini. Boti za nyumba hiyo zilizotoka Moba zilipofika Zongwe, kituo cha mwisho kabla ya Kalemie, zilimwita kwanza, zikasikia sauti yake, ndipo zikaendelea. Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi wa pilipili na mkono mwepesi, na kuli mmoja aliyethubutu kumshika kiuno alirudi kwao na jino lake mfukoni.

Zamani foni zetu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Leo betri imekufa, kesho antena imeanguka, kesho kutwa mwenye kujibu amekwenda msibani. Tukazoea. Manahodha wa ziwa hili wakajiwekea desturi: ukiita Kalemie usijibiwe, ng'oa nanga uje tu, kwani kimya ni betri. Yeye aliichukia desturi hiyo kufa. Siku alipokabidhiwa kiti nilikuwa pale nikisafirisha mzigo, nikamsikia akiwaambia manahodha wake: "Mukinisikia, mukuje. Nikinyamaza, musimame. Mimi sinyamazi bure." Tangu hapo alijibu kila asubuhi, akiwa na homa, akiwa na mimba, hata asubuhi ya kumzika mumewe. Patroni wake, yaani tajiri mwenye boti zile, alipochoshwa na kelele zake alinunua redio ya pili, akaiweka mezani kando ya ile ya kwanza, zote kwenye betri ileile, na makarani wakampigia makofi. Mama wa foni aliikamata meza akaitikisa mpaka wino ukamwagikia shati la patroni. "Papa, mbili juu ya meza moja, ile njo moja," alimwambia, yaani hizo ni sawa na moja tu. Patroni alicheka, akaenda kubadili shati.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo askari wasiolipwa mishahara waliamua kujilipa kwa mitutu. Mama yangu mzazi alikuwa Zongwe, ndani ya boti ya nyumba ile, akija kwangu na magunia yake ya samaki. Askari waliingia ofisini kabla ya saa ya kuitana. Mmoja alimwamuru Mama wa foni kwa Kilingala aondoke kitini. Yeye akamkwida kola. Wakampiga mkono kwa kitako cha bunduki mpaka mfupa ukavunjika, wakampiga kichwani, kisha wakazisaga redio zote mbili pale pale mezani. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala, nasikia vyuma vikivunjwa, najua kwamba hakuna tena wa kuionya boti. Nililia. Boti ya tajiri mwingine ilikuwa imelala Zongwe vilevile. Nahodha wake aliita kwao, hakujibiwa, akasema ni betri, akaja. Alipofunga kamba gatini walimpiga risasi ya shingo akaangukia majini, na abiria waliojitupa kuogelea walipigwa humohumo. Maji ya gati yalikuwa mekundu, nami nilitafuta kitenge cha mama yangu kati ya vile vilivyoelea. Sikukiona. Boti yake haikuja. Alinisimulia baadaye kwamba abiria walimtukana nahodha wao, wengine wakamkunjia ngumi, naye akaukumbatia ufunguo wa injini akirudia neno moja tu, kwamba yule mama hanyamazi bure.

Wafanyabiashara wetu wanadhani chombo kizuri ni kile kisichoharibika. Katika Zaire yetu hii nani amekiona? Reli inakatika, umeme unakatika, na mishahara isiyolipwa mmeona ilichozaa. Chombo kizuri ni kile ambacho kinafanya kazi kila siku kwa uaminifu hata siku kikizimika watu wajue kuna jambo, na ambacho kikivunjika upande huu, upande mwingine unashika. Baada ya maiti zile patroni alijifunza nusu ya somo. Aliweka redio moja bandarini na nyingine nyumbani kwa Mama wa foni, kila moja na betri yake. Mama wa foni, ambaye kichwa hakikuacha kumuuma tangu siku ile, aliomba kitu kimoja zaidi: afundishwe mtu wa pili wa kujibu. Patroni alimwambia, "Mama, wewe unatosha." Akiba haiozi, tunasema, na yeye aliweka akiba ya kila kitu isipokuwa mtu.

Jumatatu alianguka jikoni akiwasha makaa, muda mfupi kabla ya saa ya kuitana, wala hakuinuka. Redio zote mbili zilikuwa nzima na betri zimejaa. Sauti ya nahodha ilisikika wazi chumbani ikimwita, ikamwita tena, huku binti zake wakipiga mayowe juu ya mwili, na katika nyumba yote ile ya biashara hapakuwa na mtu mwingine anayejua kujibu. Patroni alikuja matangani, akaniuliza nani atashika foni kesho. Nasema kweli, nilitaka kumpiga. Nilimwambia afundishe watu wawili, wasiokaa nyumba moja, na leo nawaambia nanyi wenye maduka na boti: mkishanunua mashine ya pili, tazameni kitini. Kama anayekaa pale ni mmoja, bado mnayo moja.

Boti iliingia Jumanne, baada ya wavuvi kupeleka habari Zongwe. Nahodha alikuja moja kwa moja kaburini na nguo zake za kazi, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo. "Mama, ulinyamaza," alisema. "Tukasimama."