Njia ya Kagio Iliyorudi kutoka Mukurweini

Chumba cha swichi kilikuwa nyuma ya jengo la ghorofa moja mjini Nyeri, na mara ya kwanza niliingia humo nikiwa na ndoo na kitambaa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, baba kwanza, kisha mama. Mimi ndiye kifungua mimba, nikaacha shule kidato cha pili kwa sababu wadogo zangu walihitaji mtu wa kuwaamsha asubuhi. Tuliishi Gatitu, katika nyumba ya mabati aliyotuachia baba. Kazi ya kusafisha niliipata kwa kuulizia lango kwa lango, na hadi leo namshukuru yule mlinzi aliyenifungulia bila kunihoji mengi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kampuni yenye jengo hilo ilikuwa inaunganisha kompyuta za vyama vya wakulima katika miji ya kuzunguka Mlima Kenya. Fundi mkuu alikuwa mzee mpole kutoka upande wa Kerugoya, mtu wa utani na chai nyingi. Siku moja aliniona nikisoma namba zilizobandikwa kwenye nyaya huku napangusa vumbi. Badala ya kunikemea, alinipa mkono wa simu nishike, akaniambia nimsomee yule wa upande wa pili zile namba. Baada ya miezi michache nilikuwa kibarua wake: yeye anaandika amri kwenye kompyuta, mimi napigia simu vituo vingine.

Alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena. Habari zinazotoka kwenye kompyuta hukatwa vipande, na kila kipande hubandikwa lebo yenye namba. Swichi ya Nyeri, yaani mashine ya kupokezana habari, husoma namba hiyo, huibandua, hubandika nyingine, kisha hukisukuma kipande nje kwa mlango uliopangwa. Swichi ya Karatina hufanya vivyo hivyo, na inayofuata pia, mpaka kifike. Hakuna swichi inayojua safari nzima. Kwa hiyo namba moja inaweza kuwa ya mteja huyu Nyeri na ya mteja mwingine kabisa Karatina, wala pasiwe na kosa.

Nilimuuliza kama hilo haliwachanganyi watu.

"Kwani kwenu hakuna watu wa jina moja?" akaniuliza.

Nikacheka. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya au babu yake, na jina la cucu, nyanya yetu mzaa baba, lilikuwa katika kila nyumba ya watoto wake. Ukiliita ukoo ukikusanyika, wasichana hugeuka pande zote. Lakini ndani ya nyumba moja hakuna anayechanganyikiwa. Tangu siku hiyo lebo hazikunisumbua.

Shida ilikuja na njia ya Kagio. Chama cha wauza nyanya na mchele huko kilitaka ofisi yake iunganishwe na ofisi kuu ya Nyeri, kupitia Karatina. Tulimaliza kazi, taa za swichi zote zikawaka kijani, na bado kompyuta ya Kagio haikupokea kitu. Wakubwa walipiga simu kutoka Nairobi wakasema kwamba njia hiyo isipofunguka kabla ya wiki kwisha, mteja ataondoka na vibarua wa Nyeri watarudi nyumbani.

Wiki hiyohiyo, siku ya Jumamosi, jamaa zetu walikuwa waje Gatitu kuamua tutakavyogawanywa. Tata, yaani shangazi yetu aliyeolewa Mukurweini, angemchukua kitinda mimba wetu. Baba mdogo angewachukua wavulana. Hawakuwa watu wabaya. Waliona msichana mdogo asiye na kazi ya kueleweka akilea watoto, wakafanya ambalo jamaa hufanya. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama kwamba tutalala chini ya paa moja. Nilikuwa nimeomba wanisubiri nipate kazi ya kudumu, na fundi alikuwa ameniombea kazi hiyo kwa wakubwa. Kila kitu kikaning'inia kwenye njia ya Kagio.

Kuifuata njia kulikuwa na utaratibu wake. Unampigia mhudumu wa kituo cha karibu, unamwomba aigeuze njia kwenye swichi yake, ili unachotuma kikurudie. Kikirudi, kipande hicho cha njia ni kizima, unasonga kituo cha mbele. Karatina ilirudisha. Kagio haikurudisha. Tulijaribu Alhamisi yote, tukarudia Ijumaa asubuhi. Fundi alibadilisha waya mmoja, akabadilisha na kadi ya swichi. Hakuna.

Mchana, wakati fundi anakula, nilimpigia tena mhudumu wa Karatina, mtu mcheshi ambaye sura yake sikuwa nimewahi kuiona. Nikamwomba anisomee tena: namba ikiingia kutoka Nyeri, inatoka na namba gani? Akasoma, yote sawa. Nikamuuliza ile namba ya kuingilia aliichagua vipi.

"Hiyo ilikuwa ya kiwanda ya kahawa huko Mukurweini," akasema. "Walifunga mwaka jana. Nikaona namba nzuri hivyo isipotee. Nikaita huyu mtoto jina ya marehemu."

Alicheka, nami nikacheka naye, maana ndivyo hasa tunavyofanya. Mtu wetu akifa, hatutulii mpaka jina lake lirudi kwa mtoto. Kisha kicheko kikanikauka.

"Na huyo marehemu," nikamuuliza, "mlimzika?"

Akasema ati waya za kiwandani ziling'olewa, lakini amri ndani ya mashine hajui, labda kuna mtu aliifuta.

Nikamwita fundi. Alisikiliza huku anatafuna, akaweka sahani chini. "Piga Mukurweini," akasema. "Waambie wageuze ule mlango wa zamani."

Mhudumu wa Mukurweini alishangaa, akasema huo mlango hauna mtu. Tukamsihi. Aligeuza, fundi akatuma, na jaribio la njia ya Kagio likaturudia zima kabisa kutoka Mukurweini. Fundi alishika kichwa akacheka mpaka akatoa machozi. Swichi ya Karatina ilikuwa na amri mbili kwa namba moja, ikawa inafuata ya zamani. Mhudumu akaifuta ile ya zamani, na kabla hatujaondoka mezani karani wa Kagio alipiga simu akiuliza tumefanya nini, maana kompyuta imeanza kuandika.

Kesho yake Tata alifika Gatitu mapema, na mfuko mkubwa wa kutilia nguo za kitinda mimba wetu. Mdogo wangu aliuona, akajificha nyuma yangu. Jamaa walikuwa bado wanaomba kabla ya kuanza mazungumzo tulipomwona fundi langoni, na koti lake la kanisani. Sikuwa nimemwomba aje. Alikunywa chai kwanza, akasifu migomba ya jirani, halafu akamgeukia Tata.

"Mama, huyu msichana ameandikwa kazi ya kudumu kuanzia Jumatatu. Nimekuja kusema mwenyewe, msije mkafikiri ni maneno ya watoto."

Baba mdogo alitazama chini, akaitikia kwa kichwa polepole. Tata aliutazama mfuko magotini pake kwa muda. Kisha akaingiza mkono ndani, akatoa kichane cha ndizi alichokuwa amemletea mtoto ale njiani, akakiweka mezani.

"Mimi nilikuwa nimeleta ndizi tu," akasema.

Hakuna aliyembishia. Mfuko wenyewe aliuacha kwetu, akadai ni mzito kurudi nao. Miaka mingi baadaye mdogo wangu alipokwenda shule ya bweni, nguo zake alizifungasha humo.