Marahaba Iliyotangulia

Kwetu Tezo mtu hamwamkii mkubwa wake akiwa ameketi juu ya baiskeli. Unashuka, unasimama, unaiegemeza kiunoni, ndipo unatoa shikamoo yako. Baba alitufundisha hivyo, mimi na mdogo wangu, kabla hata hajatufundisha kushika breki vizuri. Alikuwa na sharti la pili pia, na hili alilishikilia kwa ukali: ukishuka, shukia upande ule aliko unayemwamkia, usiweke baiskeli katikati yenu. Mtu anayekuamkia kutoka nyuma ya mzigo wake, alikuwa akisema, ni kama anayekuchungulia dirishani.

Mimi niliyekuwa na mdomo nilimwuliza itakuwaje nikikutana na wazee kumi njiani na kengele ya shule inalia. Akasema basi niondoke nyumbani mapema. Mdogo wangu hakuuliza kitu. Yeye alikuwa mtoto wa kufuata alichoambiwa, na alipokua akabaki vile vile. Nilikuwa nikimtania kwamba akikutana na mbuzi mwenye ndevu atashuka amwamkie.

Baba alipofariki, baiskeli ile kubwa nyeusi ikawa ya mdogo wangu, na biashara ya nazi pia. Alizinunua mashambani huku kwetu, akazijaza kwenye magunia, akayafunga kwa mipira pande mbili za keria na moja juu, akazipeleka sokoni Kilifi. Baiskeli iliyobeba hivyo ni pana, na haina haraka. Barabara inayotoka Malindi nayo si pana kiasi hicho. Pembeni lami imemegukameguka, na chini yake kuna mchanga. Mwenye baiskeli tupu anaweza kuteremka hapo akampisha mwenye gari, lakini mwenye magunia matatu ya nazi akiteremka mchangani anaanguka yeye na nazi zake. Kwa hiyo anakaa kwenye ukingo wa lami, anakanyaga, anaomba Mungu.

Wenye magari hawalijui hilo, au wanalijua na hawajali. Wanapiga honi kana kwamba lami wamerithi kwa babu zao. Wanakupita karibu hadi upepo wa gari unaikamata nguo yako. Nasema haya kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Lakini mdogo wangu hakuwa na hasira hiyo. Aliwalalamikia zaidi waendesha baiskeli wenzake, wale wanaokwenda wawili wawili sambamba wakipiga soga katikati ya njia, na wale wanaokata barabara bila kugeuza shingo. Alisema barabara ni kama kisima, kila mtu ana ndoo yake na hakuna mwenye kisima.

Asubuhi hiyo shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akitoka bombani na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa upande wa pili wa barabara, akisubiri kuvuka. Mdogo wangu alikuwa akielekea Kilifi na mzigo wake. Mimi nilikuwa kibandani kwangu, nimekaa kwenye cherehani, nikitazama barabara kama ninavyotazama kila siku, yaani bila kutazama. Nilimwona akipunguza mwendo. Nilijua kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona shangazi.

Alishuka, na kwa kuwa shangazi alikuwa ng'ambo, alishukia upande wa lami.

Shangazi naye ni mtu wa adabu za zamani. Haitikii shikamoo akiwa na mzigo kichwani. Alishika ndoo kwa mikono miwili akaanza kuitua ili amwitikie mwanawe inavyostahili. Huyu ameshuka, yule anatua, na kati ya mambo hayo mawili ndipo pikapu ilipopita. Ilikuwa ikitoka Malindi. Dereva alikuwa amemwona mwendesha baiskeli tangu mbali, akakadiria kwamba atampita kwa kumkaribia vile wanavyopita wote, na hakufikiri kwamba mtu yule angeweka mguu kwenye lami. Niliisikia honi na kile kishindo kwa pamoja. Nazi zilitawanyika barabarani, nyingine zikabiringika hadi kibandani kwangu.

Dereva alisimama. Nalisema hilo kwa sababu wako wasiosimama. Tulimpakia mdogo wangu kwenye pikapu hiyo hiyo tukamkimbiza hospitali Kilifi, mimi nikiwa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na dereva mbele analia huku anaendesha. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Siku za matanga dereva alikuja. Alikuwa mtu wa Takaungu, wa makamo, amevaa kanzu na kofia, na wazee wawili wa kwao wamefuatana naye. Polisi walikuwa wameshachukua maelezo yake na mambo ya sheria yakaenda mwendo wake. Mimi sikutaka aje. Nilikuwa nimesema waziwazi kwamba akikanyaga uwanja wetu nitammwagia uji wa moto. Wazee wakanikalisha chini, wakanikumbusha kwamba mtu akija kuomba radhi mlango haufungwi.

Aliketi mkekani chini ya turubai, akauliza jambo moja. Alitaka kujua kwa nini marehemu alishuka pale. Alisema tangu siku ile hajalala akijiuliza, kwa sababu njia ilikuwa wazi, na hakuna kilichomzuia. Nikamjibu mimi, kwa ukali, kwamba alishuka kumwamkia shangazi yake. Nilitaka neno lile limchome, na lilimchoma. Aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba hata kwao Takaungu baba yake angempiga bakora kwa kuamkia mtu akiwa juu ya baiskeli. Alisema alikuwa na baiskeli miaka mingi kabla hajapata gari, na kwamba ukishaingia ndani ya gari unasahau, kwa sababu hakuna mtu anayeshuka kwenye gari kumwamkia mpita njia.

Halafu akasogea hadi alipokuwa ameketi shangazi, akapiga goti.

"Shikamoo, mama," akasema.

Shangazi hakumwitikia. Alitazama mbele, mikono mapajani. Tulisubiri wote, waliokuwa wakipika wakaacha kukoroga. Kwetu hata mgomvi wako humwitikia akikuamkia, ukishindwa kabisa unanung'unika kitu kooni. Shangazi hakunung'unika. Yule bwana alikaa na goti lake chini hadi mzee mmoja wa kwao akamgusa bega, wakaondoka. Mimi nilifurahi. Nilifurahi sana, na usiku huo nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilidhani shangazi amenyamaza kwa hasira kama yangu. Sivyo. Siku ya kuanua matanga nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi na ile ndoo mbele yake, akaniambia kinachomla. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa shikamoo yake. Aliisikia vizuri, kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyekuwa hajaitikia, kwa sababu alikuwa bado anatua ndoo. Mwanawe amekwenda akiwa ameamkia na hakujibiwa. Atamjibuje sasa mtu mwingine, akaniuliza, na kinywa chake kina marahaba ya mtu iliyobaki?

Nilimwambia aiseme kaburini. Akasema ameshaisema, tena zaidi ya mara moja, haikutoka.

Baada ya hapo akaanza jambo ambalo lilinitia aibu. Kila asubuhi alibeba kigoda chake akaenda kuketi kando ya barabara, mbali kidogo na lami, mkabala na kibanda changu. Kila mwendesha baiskeli aliyetokea, kabla hajapunguza mwendo, kabla hajafikiria kushuka, shangazi alikwisha kupaza sauti.

"Marahaba! Pita, usishuke!"

Watu walicheka. Wapo waliosema bibi amepotewa na akili kwa huzuni, na mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa nilisema kwa sauti ya chini. Anaitikia asiyemwamkia! Vijana wakafanya mzaha, wanapita makusudi mara mbilimbili ili wapewe marahaba ya bure. Nilimwomba arudi nyumbani, watu wanatusema. Akaniambia kama cherehani yangu imeharibika niitengeneze, nisimpotezee wakati.

Lakini wabeba mizigo waliielewa haraka. Mwenye makuti, mwenye mitungi ya maji, mwenye mikate, wote walikuwa wakipata taabu ile ile kila walipomwona mkubwa wao ng'ambo: washuke wawe katika hatari, au wapite waonekane hawakulelewa. Sasa shangazi alikuwa amewafungua. Waliitoa shikamoo yao wakiwa wanakanyaga, macho mbele, mikono kwenye usukani, na ilikuwa heshima tosha kwa sababu mwenyewe ameshaipokea. Mama mmoja wa jirani akaanza kufanya vivyo hivyo. Kisha mzee wa upande wa pili. Leo ukipita kwetu asubuhi utawasikia wakubwa wakiitikia kwanza na wadogo wakiamkia baadaye, na wageni kutoka Malindi wanatushangaa. Na washangae.

Yule dereva hakuacha kuja. Pikapu yake niliijua kwa bonde la mbele, pale bati lilipobonyea siku ile, ambalo hakulinyoosha. Aliporudishiwa ruhusa ya kuendesha alianza tena kupita, na kila alipofika pale alipunguza mwendo, akaegesha mbali, nje kabisa ya lami, akatembea kwa miguu hadi kwenye kigoda. Shikamoo, mama. Shangazi anatazama barabara. Dereva anasimama kidogo, anarudi kwenye gari lake, anakwenda. Sikuhesabu ni mara ngapi. Mvua ya masika ilinyesha ikaisha naye bado anakuja.

Mwanzoni nilikuwa nikiacha kushona ili nione anavyonyimwa. Baadaye ikawa inaniudhi, sijui kwa nini. Siku moja nikamwuliza shangazi kama anakusudia kumwacha mtu huyo aamkie hewa hadi kiama. Sikuamini kwamba maneno yale yametoka kwangu. Akasema hamnyimi. Akasema kila akifungua mdomo anaiona pikapu ikija kwa mwendo ule wa siku ile.

Asubuhi ninayoikumbuka nilikuwa nimempelekea chai, nikaketi chini karibu na kigoda chake. Kutoka upande wa Malindi alitokea mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa makuti, mrefu umetokeza huku na huku, anakanyaga kwa shida. Nyuma yake palikuwa na honi nyingi. Nilijiandaa kukasirika. Nikanyoosha shingo nikaona foleni ya magari, moja nyuma ya jingine, na mbele ya foleni yote, hatua nyingi nyuma ya makuti, ilikuwa ile pikapu yenye bonde.

Malori yalikuwa yakija kutoka Kilifi mfululizo, hapakuwa na nafasi ya kumpita mtu yule ila kwa kumbana. Dereva hakumbana. Alimfuata kwa mwendo wa baiskeli. Walio nyuma yake walipiga honi, mmoja akatoa mkono dirishani akatukana, naye hakugeuka, hakumpigia mwenye makuti honi hata moja. Nilimwona vizuri walipokaribia. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na jasho linamtoka.

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Marahaba! Pita, usishuke," akamwambia mwenye makuti, kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi," yule akajibu bila kugeuza kichwa, akapita.

Ikafika pikapu. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa. Nilimwona dereva akitafuta pembeni mahali pa kuegesha, kama alivyozoea, ili ashuke aje aamkie na kunyamaziwa. Shangazi alisimama. Ana miguu mibovu na hasimami ovyo, nilimshika kiwiko.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ile ile. "Pita, usishuke."

Gari lilisita kidogo tu. Midomo yake ilisema shikamoo lakini sauti sikuisikia, honi zilikuwa nyingi. Kisha akaendelea nyuma ya makuti, taratibu, na foleni yote ikamfuata kwa mwendo huo huo kuelekea Kilifi.

Nilitaka kumkasirikia shangazi na nikashindwa. Nikalia, mimi ambaye matanga yote sikulia mbele za watu. Yeye aliketi, akachukua kikombe chake, akanywa chai ambayo najua ilikuwa imepoa. Nikamwuliza mbona leo hakusubiri hata aamkiwe.

"Nilisubiri mara moja, nitue ndoo kwanza," akasema.