Mikisa ya Mtani

Enzi zetu pale Lizaboni, Songea, kitu kikiharibika kiliwekwa kando kisubiri siku yake. Redio ilikaa juu ya kabati, baiskeli nyuma ya jiko, na hakuna aliyesema vimekufa. Nyinyi mliotoka shule mkipitia porini kuokota matunda ya masuku, mkafika nyumbani midomo inanata na kidumu cha maji mmekisahau njiani, mtanielewa. Hawa wa siku hizi simu ikipasuka kioo wanaomboleza hadi jioni, kesho yake wana nyingine.

Baba yangu alikuwa fundi redio, Myao wa Tunduru aliyehamia Songea na begi la nguo na sanduku la bisibisi. Kibarazani kwake palinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na baridi ya mwezi wa saba ilipobana tuliacha kombolela tukaja kujibanza pale, tukitafuna korosho zilizoletwa na shangazi.

Basi akafariki Mzee Mapunda wa Mjimwema, Mngoni aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi. Wangoni na Wayao ni watani, na mtani msibani ana kazi yake: awachekeshe wafiwa, tena achukue kitu cha marehemu akatae kukirudisha mpaka wakikomboe kwa kuku. Baba akaingia bandani, akatoka amejitwika mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti za muziki, pana kama meza ya mwalimu. Ilikuwa imeharibika miaka, kuku wanatagia juu yake. Akaziba njia nayo.

"Bila kuku sitoki hapa, na huyu mzee wenu hatoki!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndipo mjane, Bibi Mapunda, alipoinua kichwa pale mkekani.

"Kuku sitoi. Nenda nayo, mtani, imekufa kabla ya mwenyewe. Ila siku ya arobaini uilete inaongea. Ikinyamaza, nitatangaza kanisani na sokoni kwamba fundi wa Kiyao anajua kufungua tu, kufunga hajui."

Mtani hakasirikiwi. Baba alicheka na wenzake, akaubeba ule mzigo kwa miguu mpaka Lizaboni. Lakini nyumbani hakucheka, maana tangu azaliwe hakuwahi kuona ndani ya mikisa. Utani ulisambaa upesi kuliko alivyodhani. Kila aliyepita aliuliza, "Fundi, imeshaongea?" Wiki ya pili watu wawili wakaja kuchukua redio zao, wakasema watazirudisha baada ya arobaini, tuone kwanza. Mama akaanza kupunguza sukari kwenye chai.

Siku aliyoifungua alisema bismillahi, akapanga skrubu kwenye kisahani kwa mstari. Ndani mlikuwa na manyoya, maganda ya mayai na nyumba ya nyigu ya udongo. Akaondoa taka zote taratibu, akasugua kwa mswaki na spiriti, na pale chini pakatokea kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Njia kumi na mbili za sauti zilikuwa zimelala bega kwa bega, kila moja na vispea vyake vidogo, vya rangi zilezile, kwa mpangilio uleule, toka mwanzo mpaka mwisho. "Subhanallah," alisema Baba, akashusha bisibisi. Mimi niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Sikujua kwamba binadamu wanaweza kupanga kitu namna ile halafu wakakifunika kisionekane.

Mchoro wa mashine ile hakuwa nao. Alifaulu kurudisha umeme, lakini katika njia zile kumi na mbili ni mbili tu zilizotoa sauti. Siku nyingi aliiangalia tu. Halafu asubuhi moja, kikombe mkononi, akaanza kucheka peke yake.

"Mama Zuhura! Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mzima atanionyesha ugonjwa wa mwenzake!"

Tangu hapo aligusa kwa kipimo cha umeme sehemu ya njia nzima, akasoma, kisha akagusa sehemu ileile kwa mgonjwa. Zilipotofautiana, hapo ndipo penye ugonjwa. Spea alizitoa kwenye redio zisizo na wenyewe. Alisahau kula. Mama akawa anaita toka jikoni, "Baba Zuhura, ugali unapoa, na hao ndugu zako hawali!"

Arobaini ikafika. Mjimwema ilijaa, wengi wakiwa wamekuja kuona aibu ya Myao. Tulimwamkia Bibi shikamoo, Baba akaunganisha spika za kuazima.

"Saba zinaongea, mtani, tano zimegoma. Sikufichi."

Akawasha. Taa nyekundu ikawaka, akampa Bibi kipaza sauti. Bibi hakuwa tayari, akavuta tu pumzi, na pumzi ile ikapita juu ya migomba mpaka barabarani. Wapita njia wakasimama. Mwanamke mwembamba, ambaye ukitaka kumsikia lazima uiname, alikuwa mkubwa kuliko sisi sote.

"Mjimwema, sikilizeni," alisema. "Mtani wangu ni mwizi. Aliniibia maiti, leo kaniletea mtu."

Baba akageukia ukuta. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Bibi naye akamwamuru aondoke na mashine yake, kwa sababu kuku bado hatoi.

Redio zilirudi kesho yake, nyingine zikatoka mpaka Mbesa, kule Tunduru.

Mwezi uliopita spika ya mwanangu ilinyamaza. Akacheka nilipoigeuza kutafuta skrubu, maana haikuwa nayo hata moja. Nikataka kumsema, vijana wa leo hamjui kitu, nikakumbuka kibaraza cha Baba. Mimi mwenyewe niliitupa ile spika. Siku arobaini nilisimama kando ya mtu anayefufua vitu, mdomo wazi kwa mshangao, na sikumwomba hata mara moja anipe bisibisi nijaribu.